Sura ya Nne: Unga Unaoivisha Mpira

Mpira unavyotoka mtini haufai kwa kazi nyingi. Utomvu ukishagemwa, ukagandishwa kwa asidi na kukaushwa, unapata karatasi nene ya rangi ya kahawia, laini, inayovutika. Iache juani mchana kutwa, italegea na kunata vidoleni. Ipeleke penye baridi kali, itakakamaa. Ivute kwa nguvu na uishikilie hivyo kwa muda, haitarudi sawasawa kwenye urefu wake wa awali. Tairi la lori lililotengenezwa kwa mpira huo mtupu lisingetoka Dar es Salaam likafika Morogoro.

Kinachoubadilisha ni unga: salfa kidogo, oksidi ya zinki kidogo, na kemikali nyingine kadhaa ambazo majina yao hayasikiki nje ya kuta za kiwanda. Ukiuchanganya na mpira kisha ukautia joto, mpira mbichi unaiva. Hatua hiyo wanakemia huiita vulkanaizesheni. Unga wote kwa jumla huwa kama sehemu kumi hivi kwa kila sehemu mia za mpira, lakini pasipo sehemu hizo kumi hakuna tairi, hakuna glovu ya daktari, hakuna bomba la breki wala mkanda wa feni.

Historia ya unga huo ina jambo linalojirudia. Kila kemikali iliyoingizwa ilitatua tatizo la kweli. Na karibu kila mara, madhara yake yaligunduliwa kwenye miili ya walioguswa nayo mwanzo, muda mrefu baada ya bidhaa kuingia sokoni. Mambo hayo mawili, ustadi na gharama yake, hayatenganishiki, na ndiyo maana nayasimulia pamoja.

Jiko la Woburn

Watu wa Mexico na Amerika ya Kati walilijua tatizo la mpira mbichi zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Walichanganya utomvu na maji ya mmea unaotambaa, Ipomoea alba, wakapata mpira unaodunda vizuri zaidi na usiochakaa haraka. Mipira ya kale kabisa iliyopatikana, kule El Manatí katika jimbo la Veracruz, ni ya takribani mwaka 1600 KK. Mwaka 1999 Dorothy Hosler na wenzake wa chuo cha MIT walichapisha utafiti uliothibitisha kwamba maji ya mmea huo hubadilisha kweli tabia ya mpira.

Ulaya na Marekani hazikuurithi ujuzi huo. Charles Macintosh wa Glasgow alipoanza kutengeneza makoti ya mvua mwaka 1823, alibandika mpira katikati ya vitambaa viwili ili usimnate mvaaji. Makoti yalikakamaa wakati wa baridi na kunuka wakati wa joto. Marekani watu walichangamkia viatu vya mpira, kisha wakavirudisha dukani vikiwa vimeyeyuka. Kufikia katikati ya miaka ya 1830, kampuni nyingi za mpira nchini humo zilikuwa zinaanguka.

Charles Goodyear, mzaliwa wa New Haven, Connecticut, mwaka 1800, aliingia kwenye biashara hiyo wakati wengine wanaikimbia. Hakuwa mwanakemia. Alikuwa mfanyabiashara wa vifaa vya chuma aliyefilisika, na alifungwa kwa madeni zaidi ya mara moja. Alichanganya mpira na magnesia, akajaribu chokaa, akajaribu asidi ya nitriki. Kila mara aliamini amefaulu, mpaka joto likaja. Aliwahi kupata kazi ya kutengeneza mifuko 150 ya barua kwa ajili ya posta ya Marekani. Mifuko ilipotundikwa, joto la kiangazi likaiharibu kabla haijabeba barua hata moja.

Aliyemwelekeza kwenye salfa ni Nathaniel Hayward, mtu aliyefanya kazi katika kiwanda cha mpira na kugundua kwamba unga wa salfa ukipakwa juu ya mpira na kuanikwa juani, mpira hunata kidogo tu. Goodyear akanunua haki za ugunduzi huo. Kisha, katika mji wa Woburn, Massachusetts, mwaka 1839, kipande cha mpira uliochanganywa na salfa kikagusa jiko la moto. Kwa kawaida kingeyeyuka. Hiki kiliungua bila kuyeyuka, na kando ya sehemu iliyoungua palibaki ukanda mwembamba ambao haukuungua wala haukunata. Akakigongomelea kipande hicho nje ya mlango usiku wa baridi kali. Asubuhi kilikuwa bado kinapinda.

Salfa si ngeni kwa wasomaji wengi wa kitabu hiki. Ni unga uleule ambao wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi huupuliza mikoroshoni kuzuia ubwiri unga. Kabla ya Goodyear, walioijaribu kwenye mpira hawakuunganisha mambo mawili, salfa na joto kali. Ilimchukua muda mrefu baada ya siku ile ya jikoni kujua ni joto kiasi gani na kwa saa ngapi. Hataza yake ya Marekani ilitolewa tarehe 15 Juni 1844. Uingereza, Thomas Hancock, ambaye alikuwa ameona vipande vya mpira wa Goodyear, alimtangulia kwa kuomba hataza mwezi Novemba 1843. Rafiki yake Hancock, William Brockedon, ndiye aliyependekeza jina la vulkanaizesheni, kwa kumtaja Vulcan, mungu wa moto wa Warumi. Goodyear alifariki mwaka 1860 akiwa na deni la takribani dola 200,000. Kampuni ya matairi yenye jina lake ilianzishwa Akron, Ohio, mwaka 1898, na watu wasio wa ukoo wake.

Mafundo

Ndani ya mpira kulikuwa kunatokea nini? Molekuli ya mpira wa asili ni mnyororo mrefu wa vipande vidogo viitwavyo isopreni, maelfu kwa maelfu, vilivyoungana mstari mmoja. Katika mpira mbichi minyororo hiyo imelala ovyo, imepitana na kuzongana, ila hakuna kinachoufunga mmoja kwa mwingine. Ukiuvuta mpira, minyororo inateleza. Ukiupasha joto, inateleza zaidi. Mvuvi ataelewa yanayofuata bila shida: nyuzi zikiwa rundo hazishiki samaki, lakini nyuzi zilezile zikifungwa mafundo zinakuwa wavu. Salfa ndiyo inayofunga mafundo.

Salfa ya kawaida imekaa katika duara la atomi nane. Joto likipanda, duara linakatika, na vipande vyake vinashika minyororo ya mpira mahali palipo jirani na viungo maradufu vya kaboni. Hayahitajiki mafundo mengi. Moja kwa kila vipande mia moja au mia mbili vya isopreni linatosha kuufanya mpira uvutike na kurudi. Ukiongeza salfa ikafika sehemu thelathini na zaidi kwa mia, mafundo yanakuwa mengi mno na mpira unageuka kitu kigumu cheusi kinachoweza kuchongwa, yaani eboniti. Nelson Goodyear, nduguye Charles, aliipatia hataza mwaka 1851, na kwa miongo mingi ilitengenezewa vitana na maganda ya betri.

Urefu wa fundo nao una maana. Fundo lenye atomi nyingi za salfa hulegea kidogo bila kukatika, hivyo mpira unastahimili kukunjwa mara maelfu, lakini halivumilii joto. Fundo la atomi moja au mbili huvumilia joto, ila mpira unachoka mapema ukikunjwakunjwa. Mhandisi anayetengeneza kishikizo cha injini na yule wa tairi la lori hawachagui fundo moja, na wanachochagua kinategemea uwiano wa salfa na kemikali inayofuata katika simulizi hii.

Fundo likishafungwa, kulifungua bila kuukata mnyororo wenyewe ni kazi ngumu sana. Plastiki ya ndoo huyeyushwa ikafinyangwa upya. Mpira ulioiva hauyeyuki. Hiyo ndiyo sababu matairi yaliyokwisha yanarundikana kila nchi. Katambuga za Tanzania na akala za Kenya zinakatwa kwa kisu moja kwa moja kutoka kwenye tairi kuukuu kwa sababu hiyohiyo: umbo linaweza kubadilishwa kwa kukata tu.

Kutoka saa tano hadi dakika tatu

Mpira wa Goodyear ulikuwa na kasoro moja kubwa: ulichelewa kuiva. Salfa peke yake, sehemu nane kwa mia, huchukua takribani saa tano kwenye nyuzijoto 140 za Selsiasi. Kuongeza oksidi ya zinki kulipunguza muda hadi kama saa tatu. Viwanda vya karne ya 19 vilijaribu pia chokaa, magnesia na oksidi ya risasi. Mpira kukaa motoni muda mrefu hivyo hugharimu kuni au makaa, hufunga kalibu zisitumike kwa kazi nyingine, na huuchosha mpira wenyewe.

Wakati huohuo malighafi ilikuwa ghali. Baada ya John Boyd Dunlop kutengeneza tairi la upepo mwaka 1888, na magari kufuata, dunia ilitaka mpira kuliko miti ya Amazoni ilivyoweza kutoa. Mpira bora, ule wa Pará kutoka Brazili, ulipanda bei. Pengo likajazwa na mpira wa porini wa daraja la chini, ukiwemo wa Afrika. Katika pwani yetu uligemwa kwenye mitoria. Katika Dola Huru ya Kongo, iliyokuwa mali ya Mfalme Leopold II kuanzia 1885 hadi 1908, wanakijiji walilazimishwa kwa bunduki, mijeledi na kukatwa mikono kuleta mpira wa mitoria ya msituni. Mpira huo uliotoka kwa damu ulifika viwandani ukiwa na utomvu wa namna nyingine na uchafu, na haukuiva vizuri ukilinganishwa na wa Pará.

Mwaka 1906, katika kampuni ya Diamond Rubber ya Akron, mwanakemia George Oenslager alipewa kazi ya kuufanya mpira wa bei ya chini uive kama ule wa bei ya juu. Alijaribu kuongeza kemikali za kaboni zenye naitrojeni, na akaona kwamba anilini kidogo, ileile iliyotumika kutengeneza rangi za vitambaa, inaharakisha kuiva kwa kiasi ambacho hakuna oksidi ya madini iliyowahi kufikia. Mpira wenyewe ukatoka imara zaidi. Kemikali za aina hiyo tuziite vichapuzi.

Anilini, hata hivyo, ni sumu. Hupenya kwenye ngozi na kuifanya damu ishindwe kubeba oksijeni, mpaka midomo na kucha zinageuka rangi ya buluu. Oenslager akahamia kwenye kemikali inayotokana nayo, thiokabanilidi, yenye sumu ndogo kuliko anilini. Tayari hapa, mwanzoni kabisa mwa vichapuzi, tunaona swali la mwili wa mfanyakazi likiwa limekaa juu ya meza ya mwanakemia. Na ona pia kwamba alipolitafutia jibu, jibu lilipatikana.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 watafiti wa Marekani na wa Italia, kila upande kivyake, waligundua kichapuzi chenye nguvu zaidi: merkaptobenzothiazoli, ambacho viwandani huandikwa MBT. Nusu sehemu ya kichapuzi kwa mia ya mpira ilitosha, na kwa mchanganyiko unaofaa muda wa kuiva ungeweza kushuka hadi dakika chache. Kasi hiyo ikazaa tatizo jipya. Mpira hupondwa kwenye mashine kubwa, na kupondwa huko huleta joto. Kichapuzi chenye haraka kikianza kazi kabla mpira haujaingia kwenye kalibu, mchanganyiko wote unaiva ndani ya mashine, na kama tulivyoona, mafundo hayafunguki: unatupwa. Miaka ya 1930 ikaleta sulfenamidi, vichapuzi vinavyotulia kwanza, mpira ukapata nafasi ya kupondwa na kuumbwa, kisha vikiamka vinafanya kazi kwa kasi. Bila utulivu huo wa mwanzo, tairi la kisasa lenye matabaka ya nyuzi, waya na mpira wa aina mbalimbali lisingewezekana kutengenezwa kwa wingi.

Karatasi ya mchanganyiko

Kila kiwanda kina karatasi inayoeleza kinachoingia kwenye mashine. Vipimo vyake huandikwa kwa sehemu kwa kila sehemu mia za mpira. Kwa uso wa tairi la lori, mfano wa kawaida unasomeka hivi: mpira wa asili 100, masizi meusi 50, oksidi ya zinki 5, asidi ya steariki 2, dawa ya kuzuia uchakavu 2, salfa moja na nusu, kichapuzi cha sulfenamidi 1.

Masizi ndiyo yanayolipa tairi weusi na kulifanya lisilike haraka na lami. Matairi ya zamani yalikuwa meupe kwa sababu ya oksidi ya zinki, mpaka mafundi wa Silvertown, London, mwanzoni mwa karne ya 20, walipoona jinsi masizi yanavyouimarisha mpira. Asidi ya steariki, inayopatikana kwenye mafuta ya mawese na ya wanyama, huiyeyusha zinki ipenye ndani ya mpira. Zinki ikishapenya, hushikana na kichapuzi. Kichapuzi kikashika salfa. Na salfa ikapelekwa mahali pa kufunga fundo. Ukiondoa kimoja kati ya asidi, zinki na kichapuzi, vilivyobaki vinafanya kazi kwa kusuasua. Ndiyo maana salfa imeshuka kutoka sehemu nane za zamani hadi moja na nusu, na bado mpira unaotoka ni bora.

Salfa na kichapuzi huingizwa mwisho, mchanganyiko ukiwa umepoa kidogo. Kisha tairi bichi linawekwa kwenye kalibu ya chuma yenye moto, likabanwa kwa mvuke kutoka ndani. La gari dogo huiva kwa dakika kumi hadi kumi na tano hivi.

Kemia hiyohiyo hufanyika kando ya barabara zetu. Fundi pancha anayeziba tyubu kwa moto huikwaruza kwanza sehemu iliyotoboka mpaka ung'aavu uishe, kwa sababu uso wa zamani una mafuta na vumbi vinavyozuia mpira mpya kushika. Anapaka gundi, anasubiri ikauke, anaweka kipande cha mpira mbichi ambacho tayari kina salfa na kichapuzi ndani yake. Juu anabana pistoni kuukuu ya injini, upande bapa ukikandamiza kiraka, na kwenye uwazi wake anamwaga mafuta kidogo na kuyawasha. Moto ukizimika wenyewe, kiraka kimeiva. Kiasi cha mafuta ndiyo saa yake: kidogo mno, kiraka kinabaki kibichi na kubanduka, kingi mno, tyubu inaungua. Kiraka cha baridi, kinachobandikwa bila moto, kinategemea vichapuzi vikali vinavyofanya kazi hata kwenye joto la kawaida. Anayekibandika kabla gundi haijakauka huzuia kazi hiyo, na hewa itavuja.

Waliolipa

Mwaka 1846 Alexander Parkes wa Uingereza alipata njia ya kuivisha mpira mwembamba bila joto: kuuchovya kwenye kloridi ya salfa iliyoyeyushwa ndani ya kaboni disalfaidi. Njia hiyo ilifaa kwa mapulizo ya watoto, kondomu na vitambaa vya mvua, na ikaenea kwenye karakana ndogo za Paris, ambamo watu walifanya kazi na wengine kulala katika vyumba vilevile. Kaboni disalfaidi huvukiza upesi sana. Mwaka 1856 daktari Auguste Delpech alieleza aliyoyaona kwa wafanyakazi hao: maumivu ya kichwa, hasira zisizo na sababu, kusahau, miguu kuishiwa nguvu, na kuharibika akili. Alieleza kwa undani, akapendekeza kinga. Kemikali hiyo iliendelea kutumika kwa miongo mingi baada yake.

Miaka 81 baadaye, mwaka 1937, daktari wa kiwanda nchini Marekani, E. E. Williams, aliandika kwamba wafanyakazi walioshika vichapuzi vya aina ya thiuramu hawawezi tena kunywa pombe. Glasi moja ya bia, uso unakuwa mwekundu, moyo unakwenda mbio, pumzi inabana. Thiuramu huzuia kimeng'enya kinachoiondoa asetaldehidi mwilini, sumu inayotokana na pombe. Williams alijiuliza kama hapo hapakuwa na tiba ya ulevi. Miaka ya 1940, Copenhagen, Jens Hald na Erik Jacobsen walikuwa wakiichunguza disulfiramu, ndugu wa karibu wa kichapuzi hicho, kama dawa ya minyoo. Walimeza vidonge wenyewe, wakanywa pombe, wakaugua. Mwaka 1948 wakaitangaza kuwa dawa ya kusaidia walevi, na inatumika mpaka leo. Simulizi hii hupendwa kwa sababu mwisho wake ni mzuri. Lakini tuisome tena: kilichogunduliwa ni kwamba kemikali ya kiwandani ilikuwa imeingia ndani ya damu za wafanyakazi kwa kiasi cha kubadilisha kazi ya ini, na wao ndio waliokuwa kipimo.

Mwisho mzuri haukuwapo kwa dawa za kuzuia uchakavu zilizokuwa na beta-naftilamini. Zilizuia oksijeni isiulegeze mpira, na zilifanya kazi hiyo vizuri. Uingereza ziliondolewa mwaka 1949, baada ya kubainika kwamba beta-naftilamini huleta saratani ya kibofu. Saratani hiyo haina haraka. Huweza kujitokeza miaka ishirini na zaidi baada ya mtu kuguswa na kemikali. Hivyo watu waliopondaponda mpira wakiwa vijana waliendelea kuugua uzeeni, kemikali ikiwa imeshasahaulika. Mwaka 1982 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, lilitamka kwamba kazi katika viwanda vya mpira ni miongoni mwa kazi zinazosababisha saratani kwa binadamu.

Kutoka kiwandani hadi mtoni

Kemikali hizi hazibaki zote ndani ya mpira. Kichapuzi kikimaliza kazi, mabaki yake husogea polepole kuelekea juu. Ukimwi ulipolazimisha hospitali duniani kote kutumia glovu kwa wingi katika miaka ya 1980, wauguzi wengi walianza kupata upele na ngozi kupasuka mikononi. Kuna mzio wa aina mbili hapo. Mmoja unatokana na protini za utomvu wenyewe, huja ndani ya dakika chache, na unaweza kuua. Mwingine unatokana na vichapuzi, thiuramu na kabamati, na hujitokeza baada ya saa nyingi au siku mbili. Tofauti hiyo ina faida kwa kila anayenunua vifaa vya zahanati: muuguzi mwenye mzio wa vichapuzi hataponywa na glovu za nitraili peke yake, kwa kuwa nyingi kati yake nazo zimeiviswa kwa vichapuzi hivyohivyo. Anahitaji glovu zilizotengenezwa bila vichapuzi, na zipo.

Chuchu za chupa za watoto zilileta somo jingine. Baadhi ya vichapuzi vikivunjika huacha amini zinazoweza kugeuka nitrosamini, kundi la kemikali ambalo wengi wa wanachama wake huleta saratani. Zilipogunduliwa kwenye chuchu za mpira, Marekani iliweka kikomo katika miaka ya 1980, na watengenezaji wakabadilisha michanganyiko yao au kuhamia kwenye silikoni, ambayo huweza kuiviswa kwa peroksaidi pasipo salfa wala vichapuzi vyake.

Mfano wa karibuni zaidi unatoka mito ya jimbo la Washington, Marekani. Kwa miaka mingi samaki samoni aina ya coho, wakirudi kutoka baharini kutaga katika vijito vya eneo la Seattle, walikuwa wakifa baada ya kila mvua kubwa, kabla ya kutaga. Mwishoni mwa 2020, Zhenyu Tian, Edward Kolodziej na wenzao walichapisha jibu. Tairi hushambuliwa na ozoni ya hewani, inayolipasua mbavuni. Kulikinga, viwanda huweka dawa iitwayo 6PPD, ile ya sehemu mbili kwa mia tuliyoisoma kwenye karatasi. Inasogea juu ya mpira na kujitoa ipambane na ozoni kwa niaba ya tairi. Katika mapambano hayo hugeuka 6PPD-kwinoni. Vumbi la matairi likisombwa na mvua hadi mtoni, kwinoni hiyo inawaua coho kwa kiasi kilicho chini ya mikrogramu 0.1 kwa lita ya maji. Mwaka 2023 mataifa matatu ya wenyeji wa Marekani wanaowategemea samaki hao, Yurok, Port Gamble S'Klallam na Puyallup, yaliiomba mamlaka ya mazingira ya nchi hiyo ichukue hatua, na ombi likakubaliwa kushughulikiwa. 6PPD yenyewe ilikuwa imetumika kwa miongo kadhaa.

Wanaotafuta mbadala wake wana kazi ngumu, maana tairi lisilo na kinga dhidi ya ozoni hupasuka, na tairi likipasuka kwenye mwendo kasi watu hufa. Sidai kwamba turudi kwenye mpira mbichi. Mpira ulioiva umebeba damu salama kwenye mirija ya hospitali na umesimamisha mabasi kwenye miteremko ya Kitonga. Ninachodai ni utaratibu. Historia yote hii inaonyesha kwamba viwanda vina uwezo mkubwa wa kubadilisha mchanganyiko pale vinapotakiwa kufanya hivyo: saa tano zilishuka hadi dakika chache kwa sababu bei ilidai, beta-naftilamini iliondoka kwa sababu vifo vilidai, na chuchu za watoto zilisafishwa kwa sababu sheria ilidai.

Afrika Mashariki imewahi kuwa na vyumba vyake vya kuchanganyia, katika kiwanda cha General Tyre cha Arusha na kile kilichoanza kama Firestone Nairobi, kilichoacha kutengeneza matairi mwaka 2016. Leo matairi mengi yanayolika kwenye barabara zetu, na vumbi lake kuishia kwenye mitaro na mito yetu, yamechanganywa kwingine, kwa karatasi ambazo hatuzioni. Mamlaka zetu za viwango hupima kama tairi ni imara. Zina haki, na kwa maoni yangu zina wajibu, wa kuuliza pia kilichomo. Mfanyakazi wa kiwanda cha kandambili anastahili kusoma kwa lugha yake jina la unga anaoumimina na namna ya kujikinga nao. Muuguzi anastahili kuliona jina la kichapuzi kwenye boksi la glovu. Tangu karakana za Paris, jina hilo limekuwa likijulikana kwa daktari baada ya mgonjwa kufika. Liandikwe mapema, mahali ambapo anayeshika mpira anaweza kulisoma.